Koko na vijiti vya Kijapani

Tulitoka Bukavu kwenda Kigali kumsalimia dada yetu. Mchana akatupeleka sote, na watoto na Koko, kula kwa Wajapani ndani ya jengo la maduka. Ikaletwa sushi: vitonge vya wali wenye siki, juu yake samaki mbichi. (Sambaza zetu hatuzili bila kuzikaanga!) Vijiti vikamshinda Koko, akanawa, akala kwa mkono. Binti yetu akaona haya, akamnong'oneza aache. Na sisi, tuseme kweli, tulitazama chini. Mhudumu akasogea, akasema hata huko Japani watu hula sushi kwa mkono. Koko akachukua kingine, bila kututazama.