Mlango wa Jiko la Bibi Uliniumbua

Juzi kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, kapost sebule yake mpya. Katikati kuna jiko la kuni la kisasa, mlango wa kioo, moto unawaka kwa madaha. Watu wakammwagia makopa kama yote. Mimi nikabaki natazama ule mlango tu. Maana kuna mlango wa jiko uliniumbua mwaka jana, na leo nawapa stori yenyewe. Hii ni ya kwangu mwenyewe, siyo ubuyu.

Bibi yangu anaishi Tosamaganga, kama kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini. Wanaopajua wanapajua: misheni, hospitali, shule, na ile baridi ya mwezi wa saba inayokufanya uongee mikono ikiwa mfukoni. Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia walifika pale mwaka 1919, na eneo lile limelea mafundi kibao, waashi, maseremala, wahunzi. Babu alikuwa seremala. Aliacha vitu viwili vya maana: meza ya mninga na jiko la kuni la chuma, zito kama deni, lenye mlango mbele na bomba la moshi linalotokea juu ya paa.

Msije mkasema mjukuu gani mimi, gesi nilimnunulia. Mtungi upo, umevalishwa kitambaa cha kufuma, unawashwa wageni wakija. Serikali ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono. Ila bibi ana hoja yake: "Gesi inapika, lakini haiotwi." Julai ya Tosamaganga ukiijua, huna cha kumjibu.

Sasa siku moja tunaongea kwa video, nikaona tofali limeegemezwa kwenye mlango wa jiko.

"Bibi, hilo tofali la nini tena?"

"La kuushikilia mlango, mke mwenzangu. Umelegea kama magoti yangu."

Tulicheka mpaka basi. Nikapiga picha ya skrini, nikaweka status na vikatuni vya kucheka. Watu wakafurahi, nikaendelea na maisha yangu ya Dar.

Wiki mbili baadaye dada kanipigia alfajiri. Usiku tofali liliteleza, mlango ukafunguka wenyewe, kaa la moto likadondoka kwenye mkeka. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa amelala hatua mbili kutoka hapo. Bibi alilishika lile kaa kwa mkono akalitupa nje. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Bibi aliungua vidole viwili.

Nilipompigia akasema, "Usije mke mwenzangu, nauli ghali." Mimi nilikuwa nawaza ile status tu. Niliiona hatari kwa macho yangu, nikaigeuza kichekesho. Nikapanda basi. Mpaka tunamaliza kupanda Kitonga sikuwa nimeongea na mtu.

Nilianza kwa fundi wa kuchomelea mjini. Akaangalia picha nusu dakika: "Dada, lete tulichomelee, elfu thelathini." Nikarudi kuomba msaada wa kulibeba. Jirani mmoja mzee, aliyefanya kazi na babu enzi hizo, akanizuia.

"Hiki chuma cha kumimina," akasema. "Ukikichoma ovyo, kitapasuka. Halafu mlango wenyewe hauumwi. Kinachoumwa ni msumari wake."

Akaniambia niuinue mlango kwa mkono. Ukapanda, ukakaa sawa kabisa! Nikiuachia, unashuka tena. Yaani pini ya bawaba ilikuwa imelika miaka yote hiyo, na tundu lake limekuwa kama yai. Ndiyo maana komeo lilikuwa halifiki mahali pake.

Nikadhani atafanya yeye. Kumbe ananipa mimi tupa na playa! Tulisubiri jiko lipoe kabisa, tukautoa mlango. Tundu tukalitoboa taratibu mpaka likawa duara tena, tukaweka bolti ya milimita 10 badala ya ile pini. Chini ya bawaba tukaweka washa mbili ili mlango upande juu. Nilitaka kuikaza bolti mpaka mwisho, akanipiga kofi la mkono: chuma kikipata moto kinatanuka, lazima uache nafasi kidogo, la sivyo mlango utagoma kufunguka.

Kisha mtihani wa karatasi. Unafungia kipande cha karatasi ya daftari mlangoni, jiko likiwa baridi, halafu unakivuta. Kikitoka kirahisi, hapo panapitisha hewa. Kwetu kilibana pande tatu, juu kikatoka chenyewe. Tukakwangua masizi na kutu, tukapaka udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu kwenye fremu. Mlango tukaupaka mafuta ya kupikia usigande, tukaufunga taratibu ili udongo uchukue umbo lake. Ukakauka siku mbili, tukaanza na moto mdogo. Udongo huo utapasuka siku moja, lakini kuurudia ni kazi ya nusu saa.

Mwisho tukasafisha bomba. Masizi yaliyotoka yalijaa ndoo nzima. Mzee akanieleza: mwanya wa mlango unaingiza hewa hovyo, moto unakula kuni kwa pupa. Bomba likiziba, moshi nao unarudi ndani kwa watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Na mimi kikohozi cha bibi nilikuwa nakiita uzee.

Bolti na washa ziligharimu elfu mbili na mia tano. Jioni ile bibi alikaa mbele ya jiko, vidole vimefungwa bandeji, akaongeza vipande vitatu vya kuni. Tulikula, tukapiga stori, mpaka tunaenda kulala bado kulikuwa na joto. Zamani jioni moja ilikuwa inamaliza nusu ya mzigo. Mtoto tukamhamishia chumbani, hilo halikuwa na mjadala.

Asubuhi nikataka kulitupa lile tofali. Bibi akanikatalia.

"Acha hapo. Litashikilia mlango wa jikoni ubaki wazi, hewa iingie."

Basi lipo mpaka leo, limepata kazi nyingine. Ile status nilishaifuta, ila picha nimeiacha kwenye simu. Wadau, mkipiga video nyumbani msiangalie sura tu, angalieni na nyuma ya anayeongea. Ukiona kitu kimeegemezwa, uliza, na jibu likikuchekesha, uliza tena. Haya, kwenu tofali limeegemezwa wapi?