Mbwa Koko, Mara ya Pili

Mwaka wangu wa kwanza hapa shuleni mwalimu wetu alituonyesha, katika ukuta wa bwalo, filamu ya Mjapani Akira Kurosawa iitwayo Mbwa Koko. Aliitengeneza mwaka 1949, kabla ya Rashomon kumpatia sifa ng'ambo. Askari kanzu kijana, Murakami, anaibiwa bastola ndani ya basi mjini Tokyo, siku ya joto kali, nayo ina risasi saba. Tulimcheka sana, na mwizi Yusa alipotiwa pingu tulipiga makofi.

Muhula uliopita tulionyeshwa tena. Sikucheka. Katikati hapo mimi mwenyewe niliibiwa karo ndani ya basi. Nilipokuwa nimekaa kituoni mikono mitupu, niliona kikapu cha mama mmoja aliyesinzia, na pochi juu yake. Niliitazama kwa muda mrefu. Jambo hili hata baba sijamwambia.

Basi safari hii nilisikia neno lililonipita zamani. Murakami na Yusa wote walikuwa askari wa vita, na wote waliibiwa shanta zao wakirudi makwao. Mmoja akaingia polisi, mwenziwe akawa mwizi. Mzee Sato, mkubwa wake kazini, hapendi kijana amhurumie mtu yule. Mwishoni wawili hao wamelala majanini, matope tele, wanahema, wala hutambui askari ni yupi. Watoto wanapita wakiimba. Yusa analia kwa sauti kuu.

Wadogo zetu bwaloni walipiga makofi. Mimi nilitazama chini.