Njia ya Mwongo na Saladi ya Brokoli

Wahenga walisema, Njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi ilikuwa na urefu wa miezi mitatu na nusu, nayo ikaishia penye shamba la mboga. Nawaandikia habari hizi, ndugu zangu wanafunzi, na ninyi wazee wetu mliotutangulia katika shule hii, si kwa kuona fahari. Watu wengi walioila saladi ile siku ya wazazi waliniuliza namna ya kuitengeneza, nami siwezi kuieleza pasipo kueleza sababu yake.

Mwezi wa Machi mwaka 2025 nalikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha ukulima. Tulikuwa wanachama 24. Desturi ya chama ilikuwa kupanda maharagwe na viazi, lakini mimi niliona hayo ni mambo ya kizamani. Nalikuwa nimekwenda kwenye hoteli moja mjini, na mnunuzi wa jikoni akaniambia, "Mkipanda brokoli, huenda tukanunua." Neno lake lilikuwa "huenda". Lakini niliposimama mbele ya wenzangu na kuona nyuso zao zina mashaka, nikasema, "Hoteli imekwisha kutia sahihi. Karatasi ninayo." Karatasi sikuwa nayo.

Basi kila mtu akatoa shilingi 20,000, jumla shilingi 480,000, za mbegu, samadi na dawa. Kijana mmoja wa kidato cha pili alileta noti 20 za shilingi elfu moja moja, zimefungwa katika kitambaa. Bibi yake alikuwa ameuza kuku wawili.

Nchi yetu ya Kigezi yaifaa sana mboga hii. Kabale iko juu karibu meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na brokoli hupenda baridi. Asili yake ni pande za bahari ya Mediterania, na jina lake ni la Kiitaliano. Tulidhani ni mmea wa ajabu, kumbe ni ndugu ya kabichi na sukuma wiki. Wataalamu wa mimea huziita zote kwa jina moja, Brassica oleracea. Katika kabichi twala majani yaliyofungana. Katika brokoli twala maua kabla hayajachanua. Hapo ndipo penye taabu yake, kwa maana ua halimngoji mtu. Kichwa kilicho tayari leo, baada ya siku chache hufunguka na kuwa manjano. Na kikiisha kukatwa, kikakaa pasipo baridi, siku mbili tatu zatosha kukiharibu. Maharagwe makavu hukaa ghalani miezi mingi yakimngoja mnunuzi.

Mbegu tulizisia katikati ya Machi, tukahamisha miche mwezi wa Aprili, na wakati wa likizo wenzetu wakaao karibu wakaimwagilia. Mwanzo wa Julai tulikuwa na vichwa 300, vizuri, vya kijani kibichi. Nikapiga simu hotelini. Yule mnunuzi akasema wageni wamepungua, na mboga kidogo anayohitaji amekwisha kuipata kwingine. Akaniambia nisimlaumu, kwa kuwa hakuahidi kitu. Ni kweli, hakuahidi.

Jioni ile wanachama wakakutana. Mmoja akasema, "Lete ile karatasi, tumwonyeshe mwalimu, atusaidie kudai." Nikatazama chini kwa muda mrefu, kisha nikawaambia kweli. Sikupigwa, wala sikutukanwa, na laiti ningalitukanwa. Yule kijana wa kidato cha pili akauliza neno moja tu: "Basi bibi aliuza kuku wake kwa sababu gani?" Sikuwa na jibu. Wakanivua uenyekiti usiku uleule, nao walifanya haki. Mwenyekiti mpya akaniambia, "Kaka, wewe ndiwe uliyetuletea mboga hii. Tafuta jinsi itakavyoliwa. Siku ya wazazi ni baada ya siku sita."

Mpishi wetu mkuu twamwita Afande, kwa kuwa alikuwa askari miaka mingi, na Kiswahili chake ni kile cha jeshini, kifupi na cha amri. Nikampelekea vichwa 20. Akavipika kama apikavyo kabichi, nusu saa nzima, akatuandalia pamoja na posho. Mboga ikawa rangi ya matope, na harufu yake kama ya yai bovu. Vijana wakasukuma sahani. Afande akaonja kidogo, akasema, "Kijana, hii si kabichi. Mimi siijui. Tafuta anayeijua."

Nikaenda kwa mwalimu wa biolojia, naye akanieleza kwamba mboga za jamii hii zikikaa motoni muda mrefu hutoa hewa yenye asili ya kiberiti, ndiyo harufu ile mbaya. Akaniazima kitabu cha mapishi, na ndani yake nikakuta saladi ya brokoli. Lakini ilitaka mayonezi, ambayo hutengenezwa kwa mayai mabichi, na vipande vya nyama ya nguruwe. Nikafikiri. Friji hatuna, na mayai mabichi juani ni hatari. Wazazi wetu wengine ni Waislamu, wengine ni Wasabato, na hao wote hawali nguruwe. Tena nyama ni ghali. Nikaona saladi yetu sharti iwe chakula ambacho mtu wa dini yoyote aweza kukila bila kuuliza swali: kisicho na nyama, wala yai, wala maziwa.

Ndipo nilipomkumbuka mama mdogo. Yeye ameolewa Rwanda. Mpaka wa Katuna ulipofungwa mwezi wa Februari 2019, hatukuonana naye mpaka ulipofunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Nilipokwenda kumzuru Kigali baada ya hapo, niliona mishikaki ya tofu ikichomwa juu ya makaa kando ya mishikaki ya mbuzi, na watu wakiinunua kama kitu cha kawaida. Tofu ni chakula cha Wachina tangu zamani sana, nacho ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, kama jibini. Mama mdogo huitengeneza nyumbani kwake. Nikampigia simu, nikamweleza yote, hata habari za karatasi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, chukua kalamu uandike."

Na ninyi andikeni. Soya kavu huoshwa na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi husagwa pamoja na maji; sisi tuliazima mashine ya mkono ya kusagia karanga. Kwa kilo moja ya soya tulitia maji lita nane. Uji ule huchujwa kwa kitambaa safi, na maziwa yake huchemshwa dakika kumi hivi, huku yakikorogwa. Msifupishe muda huo, maana soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga chakula, na moto ndio unaokiharibu. Yakiisha kuchemka, epueni, ngojeni kidogo, kisha mmimine polepole maji ya malimau sita yaliyozimuliwa. Acheni kukoroga. Baada ya robo saa mtaona mabonge meupe yametengana na maji ya manjano. Yatieni katika kitambaa, mweke jiwe juu yake muda wa saa moja. Hiyo ndiyo tofu.

Mara ya kwanza sikuyatazama maziwa sawasawa. Maziwa ya soya hukaa kimya, kisha huinuka ghafula. Yalifurika yakazima moto, nikapoteza nusu. Nusu iliyobaki nikaitia malimau mengi mno, ikawa chachu. Nikavunja brokoli, nikaipitisha katika maji ya moto, nikaiponda tofu pamoja na chumvi, nikanyunyiza juu yake bizari ya mchuzi kutoka pakiti. Wenzangu wakaonja. Mmoja akasema, "Kama chaki." Siku tatu zilikuwa zimebaki.

Afande alikuwa akinitazama kutoka mlangoni. Akaja, akaonja, akacheka. "Mboga yako siijui," akasema, "lakini bizari naijua. Bizari mbichi ni vumbi. Ikaange." Akatia mafuta sufuriani, akatia kitunguu, kikalainika, akapunguza moto, akatia bizari, akaigeuzageuza kwa muda mfupi tu. Jiko zima likanukia. Baadaye mwalimu akanieleza sababu: rangi ya manjano, na sehemu kubwa ya harufu ya giligilani na ya bizari nyembamba, huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Mimi nalizinyunyiza juu ya kitu chenye majimaji, zikabaki zimejifungia. Lakini moto ukizidi huungua upesi na kuwa chungu. Nalikuwa nimesoma kemia miaka sita, na mtu aliyejua jambo lile alikuwa akinipikia posho kila siku.

Basi saladi yenyewe ni hii. Vunjeni brokoli vipande vidogo, na shina lake msilitupe. Limenyeni, mlikate vyembamba, ni tamu. Vitieni katika maji yanayochemka yenye chumvi kwa dakika mbili tu, kisha katika maji baridi ya kisima mara moja, ndipo zikae kijani na zisilegee. Zichujeni mpaka zikauke. Tofu igaweni mara mbili. Sehemu moja ikateni vipande kama vya sukari ya mabonge, mvikaange mpaka viwe vya rangi ya dhahabu. Sehemu ya pili ipondeni mpaka iwe laini, mtie maji ya limau, chumvi, sukari kidogo, na yale mafuta ya bizari na vitunguu vyake. Hiyo yashika mahali pa mayonezi. Changanyeni vyote pamoja na karoti zilizoparuzwa na vitunguu vyekundu vilivyooshwa kwa chumvi kama vya kachumbari. Karanga za kukaangwa tieni mwisho, zisije zikalowa.

Siku ya wazazi tulikata vichwa alfajiri, kabla ya jua. Vingine vilikwisha kuchanua, tukawapa ng'ombe. Tulipika tangu saa kumi na moja, Afande akitoa amri. Watu hawakuikimbilia meza yetu. Mboga hawakuijua, na tofu hawakuijua kabisa. Lakini harufu ya bizari waliijua, maana ni harufu ya pilau, nayo ndiyo iliyowavuta. Aliyeonja alimwita mwenzake. Kufika saa tisa sahani 140 zilikuwa zimekwisha, kila moja shilingi 2,000.

Katikati ya shughuli hizo akaja yule kijana wa kidato cha pili, amemshika mkono bibi yake. Nalitamani kujificha chini ya meza. Nikamwandalia sahani, nikapiga goti, nikamweleza kwa Kikiga kwamba mimi ndimi niliyesema uwongo uliouza kuku wake. Alinisikiliza huku akila. Akatafuna polepole, maana meno yake ni machache.

"Kuku wale walikuwa wanataga," akasema.

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

Hakusema neno lingine juu ya habari hiyo. Akamaliza, akaninyoshea sahani nimwongeze.

Mwenyekiti alisoma hesabu jioni. Tulipata shilingi 280,000. Soya, mafuta, bizari, vitunguu, karoti, karanga na malimau viligharimu shilingi 64,000. Zikabaki 216,000, yaani shilingi 9,000 kwa kila mwanachama. Kila mtu alipungukiwa shilingi 11,000. Nikasimama nikasema kwamba deni la wenzangu 23 ni langu. Wakaliandika katika kitabu, na safari hii nikatia sahihi yangu kwelikweli.

Likizo ya Agosti nilipakia viazi katika malori yaendayo Kampala. Mpaka leo niandikapo nimekwisha kuwalipa watu 14, na wa kwanza alikuwa yule kijana. Wamebaki tisa. Nitawalipa kabla sijaondoka hapa, na asiyelipwa na anikumbushe mbele ya watu, sitakasirika.

Chama kimerudi kupanda maharagwe, pamoja na matuta mawili ya soya na tuta moja la brokoli, kiasi tunachoweza kula wenyewe. Afande sasa huichemsha dakika mbili, akiihesabu kwa saa yake ya mkono. Nanyi wazee wetu mtakaokuja siku ya wazazi ijayo, karibuni mezani petu. Saladi itakuwapo, na kitabu cha hesabu kitakuwa wazi kando yake.