Breki Zinazokwisha Kabla ya Wakati Wake

Siku hizi katika vijiji vyetu vya Usambara watu wenye motokaa za nyumbani si wachache kama zamani. Nasi tukizinunua twauliza sana habari za injini na matairi, wala hatuulizi habari za breki mpaka siku zianzapo kulia. Nimeona vema kuandika kidogo juu yake, maana jambo lililotupata nyumbani kwetu laweza kumpata yeyote ashukaye milima hii pamoja na watoto wake.

Kwanza ufikirini mteremko wenyewe. Mji wa Lushoto uko kimo cha meta 1,400 hivi juu ya bahari, na Mombo uko chini tambarare, kama meta 400. Njia ya kati ni kilometa 33 hivi, nayo imejaa kona, huku mwamba na huku korongo. Motokaa ndogo pamoja na watu na mizigo yao yaweza kuwa na uzito wa kilo 1,400. Uzito huo ukishuka meta 1,000, nguvu yake ingegeuka joto lote ingetosha kuchemsha madebe mawili ya maji. Sehemu huchukuliwa na upepo na matairi, na sehemu nyingine injini yaweza kuizuia, kama dereva akiiruhusu. Iliyosalia haina pa kwenda ila katika breki. Ndiyo sababu madereva wa malori hushuka kwa gia ndogo, kama ile waliyopandia. Hata motokaa zisizo na klachi nyingi zinayo njia hiyo: chini ya herufi D pana alama za 2 na L, walakini wako watu waliomiliki motokaa miaka kumi wasiziguse hata mara moja, wakizidhani pambo.

Mama watoto huzitumia. Yeye ndiye dereva wetu wa Jumamosi, tushukapo Korogwe kumwamkia bibi yao, nami huketi kando yake nikipakata kikapu cha mayai.

Basi mwaka uliopita pedi za breki za mbele zilikwisha upesi ajabu. Pedi ni vibao viwili viibanavyo sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Zikiwa mpya unene wake ni milimita 10 hivi, nazo zikifika 3 yapasa kuzibadili. Kwa matumizi ya kawaida hutazamiwa kwenda kilometa 30,000 au kuzidi. Zetu zilikwisha kabla ya 6,000. Fundi wa gereji tuliyoizoea akatia mpya, na baada ya miezi minne zikalia tena. Alipoziona alicheka, akaniita kando, akasema, "Mwalimu, pedi hazina kosa. Ni mguu wa mama. Wanawake hukanyaga breki njia nzima. Heri ushike usukani wewe."

Mama watoto alisikia. Hakujibu neno, ila Jumamosi iliyofuata alinipa funguo, akaketi nyuma pamoja na watoto.

Mimi sikuridhika na hukumu ile, maana miezi yote nilikuwa nimeketi kando yake nikiuona mkono wake ukiishusha gia kabla ya kila mteremko mkali. Tena palikuwa na jambo ambalo fundi hakulieleza: tulipofika Mombo gurudumu la mbele la kushoto lilitoa joto jingi, hata kuukaribisha mkono ilikuwa shida, na la kulia lilikuwa vuguvugu tu.

Nikaipeleka motokaa kwa mzee mmoja aliyetengeneza malori ya mbao miaka mingi. Yeye hakuuliza nani huendesha. Alivua magurudumu, akazipanga pedi nne juu ya gunia kwa taratibu, kila moja mahali pake. Ya kushoto ya ndani ilikuwa chuma kitupu. Mwenziwe wa nje ilikuwa nzima zaidi ya nusu. Na zile mbili za kulia zilikuwa sawasawa. "Tazama mwenyewe, Mwalimu," akasema. "Mguu hauwezi kuchagua gurudumu."

Maelezo yake ndiyo haya. Ukikanyaga breki, mafuta yake huzisukuma pande zote mbili za mbele kwa nguvu moja. Katika kila gurudumu mna chombo kama koleo, mafundi hukiita kalipa, nacho huteleza juu ya pini mbili. Pistoni huisukuma pedi ya ndani, ndipo kalipa nzima huteleza na kuivuta ya nje. Pini zetu za kushoto zilikuwa zimeshikwa na kutu, kwa kuwa vifuniko vyake vya mpira vilipasuka na tope likaingia. Pedi ya ndani ikafanya kazi peke yake, tena mguu ukiondoka haikuachia. Kutia pedi mpya juu ya pini zile ni kama kumbadilishia mgonjwa shuka bila kumgusa kujua kama ana homa.

Alizisugua pini kwa msasa, akatia mipira mipya na grisi iliyofanywa kwa ajili ya breki, maana grisi ya kawaida huivimbisha mipira. Kisha akamwaga mafuta ya breki ya zamani, na habari hii ndiyo iliyonitisha. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa. Yale yaandikwayo DOT 3 yakiwa mapya yapasa kustahimili nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakiisha kunywa maji kipimo kinachotakiwa ni 140 tu. Gurudumu lililoshikwa na breki hadi Mombo huyapika. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea: mguu huzama mpaka chini na motokaa haisimami. Nasi tulishuka hivyo miezi mingi, watoto wakiimba nyuma.

Mzee alipomaliza hakunipa mimi funguo, alimpa mama watoto, akamwonyesha na ile pedi ya chuma kitupu. Hizi mpya zimekwenda kilometa 14,000. Juzi tulizipima, zote nne zina karibu milimita 7, za kushoto sawa na za kulia.