Kwa Nini Nasema "Tumbawe Huyu"

Kazi yangu ni kuhesabu. Watu wakisikia mimi ni mwanaekolojia wa bahari wanafikiria pomboo, boti na picha za Instagram. Ukweli ni kwamba natandaza tepu ya mita juu ya mwamba, naifuata polepole na kibao cha plastiki na penseli, na kila hatua naandika kilicho chini yake: tumbawe hai, tumbawe mfu, mwani, mchanga. Nikitoka majini vidole vimekunjamana kama vya nyanya yangu. Mamangu, ambaye yuko Machakos na hajawahi kuingia baharini kupita magoti, akinipigia simu lazima aulize, "Na bado wanakulipa uhesabu mawe?"

Si mawe, Mama. Lakini simlaumu, kwa sababu hata Kiswahili chenyewe kiko upande wake. Samaki tunasema "samaki huyu". Pweza ni "pweza huyu". Hata konokono, na uzembe wake wote, ni "huyu". Lakini tumbawe? "Tumbawe hili." Tumeliweka ngeli moja na jiwe na jembe. Inaeleweka. Halitembei, halilii, halina macho ya kukuangalia nayo.

Kumbe ni mnyama. Tena si mmoja, ni maelfu ya wanyama wadogo, kila mmoja na mdomo wake na vikono vyake vya kunasia chakula, waliojenga pamoja nyumba ya chokaa. Ni kama ploti ya Pipeline, floor juu ya floor. Na ndani ya miili yao kuna wapangaji: viumbe wadogo sana wa jamii ya mwani, ambao huchukua mwanga wa jua na kupika sukari. Mpangaji analipa kodi kwa chakula, mwenye nyumba anatoa mahali salama pa kukaa. Rangi nyingi unazoziona kwenye matumbawe ni za hao wapangaji.

Maji yakipata joto kupita kiasi, mkataba unavunjika. Na sisemi joto la kuchemsha chai. Digrii moja tu juu ya wastani wa mwezi wenye joto zaidi, kwa wiki kadhaa mfululizo, inatosha. Tumbawe linaanza kuwafukuza wapangaji, linabaki jeupe, mfupa unaonekana kupitia nyama. Huko ndiko kupauka. Wakati huo bado halijafa. Maji yakipoa mapema, wapangaji hurudi. Yakichelewa, linakufa njaa.

Nilizaliwa mwishoni mwa 1997, katikati ya ile mvua. Mkenya ukimtajia El Niño, kichwani mwake ni mafuriko na madaraja yaliyobebwa na maji. Mamangu anasimulia alivyopelekwa kujifungua kwa mkokoteni kwa sababu hakuna gari lingepita kwenye lile tope. Nilifika chuo kikuu bila mtu kuniambia nusu ya pili ya hiyo stori: joto lilelile la bahari lililotumwagia mvua bara, miezi michache baadaye, kati ya Machi na Mei 1998, liliua matumbawe ya Pwani. Kwenye miamba mingi ya Kenya, kati ya nusu na asilimia 90 ya matumbawe hai yalikufa. Dunia nzima ilipoteza karibu asilimia 16. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, nazo ziliguswa. Askari wa wanyamapori anaweza kumzuia mvuvi na nyavu zake. Joto hawezi kulifunga pingu.

Maana yake ni kwamba mwamba ninaoujua mimi ni ule uliobaki. Mara ya kwanza nilipozamia, nilitoka nikiwa nimepagawa. Rangi, samaki, kila kitu. Kwenye mashua alikuwepo mzee mmoja wa Kwale, nahodha wetu, ambaye amevua maji hayo tangu utotoni. Akaniangalia nikishangaa, akasema kwa upole, "Mwanangu, wewe umekuta matanga. Harusi hukuiona."

Huyo mzee ndiye mwalimu wangu wa pili. Wa kwanza walinifundisha majina ya Kilatini. Yeye alinifundisha pono, ambaye unaweza kumsikia chini ya maji akiguguna mwamba kama mtu anayekula mahindi ya kuchoma. Akanifundisha tafi, changu, tewa. Akanifundisha kikande, na umuhimu wa kikande nilikuwa nausoma kwenye makala za utafiti uliofanywa hapahapa Kenya: kikande hula wale wanyama wa miiba wanaochoma miguu ya watu ufuoni. Vua kikande wote, wenye miiba wanazaana bila breki, wanaukwangua mwamba mpaka unabaki kifusi. Mzee hakuhitaji makala. "Kikande ndiye polisi," aliniambia.

Kuna majina mengine aliyonitajia ambayo sikuyaona kwenye kitabu chochote changu, na alipojaribu kunionyesha samaki wenyewe, hatukuwapata. Hilo linanisumbua kuliko takwimu. Samaki akiisha, jina lake linabaki kinywani mwa mzee bila kazi ya kufanya. Mzee akienda, nalo linaenda. Mwanawe anaendesha bodaboda Ukunda. Hajui hata nusu ya majina hayo, na atayajulia wapi?

Najua unaweza kusoma haya ukiwa Umoja au Kileleshwa na ukaona ni mambo ya Pwani. Ngoja basi. Saruji inayotengenezwa Bamburi hutokana na mawe ya chokaa ya matumbawe ya kale, miamba iliyokufa na kuachwa nchi kavu bahari iliposhuka maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hivyo inawezekana kabisa ukuta ulioegemea sasa hivi uliwahi kuwa na vikono na midomo. Fort Jesus, iliyojengwa miaka ya 1590, ni matumbawe. Nyumba za Mji wa Kale wa Lamu ni matumbawe. Tumeishi ndani ya huyu mnyama kwa karne nyingi bila kumpa hata "huyu".

Na kuna lingine. Tumbawe kubwa la duara hukua taratibu, kama sentimita moja kwa mwaka, na kila mwaka huacha mstari, kama mti. Ukilitoboa na kutoa kipande kirefu chembamba, unaweza kulisoma. Wanasayansi walifanya hivyo Malindi na kupata kumbukumbu ya joto la bahari inayorudi nyuma hadi 1801. Tumbawe jingine la hukohuko, la miaka kama 300, lilisomwa kwa njia nyingine: walipima bariamu, madini yanayokuja na udongo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kipimo kinapanda ghafla. Ndio wakati wakoloni walipoanza kufyeka misitu na kulima miteremko huku juu. Udongo ukaingia Mto Athi, Athi ukawa Galana, Galana ukawa Sabaki, na Sabaki ukaumwaga baharini kaskazini mwa Malindi.

Mto Athi unapita kwetu. Nimefua nguo huko nikiwa mtoto. Mto Nairobi pia humwaga huko, na kila kinachotoka mtaani kwako kikaingia kwenye mtaro. Nilipoisoma ile makala nilimpigia Mama. Nikamwambia mashamba ya kina babu yameandikwa ndani ya tumbawe. Akanyamaza kidogo. "Hilo jiwe lina kumbukumbu kuliko chifu," akasema.

Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba dunia imeingia kwenye tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote. Mimi sikuhitaji tangazo. Kaskazi ilikuwa imelegea, hewa imekufa, maji yako kama ya kuoga mtoto. Tulizama na ile tepu, na chini yake kulikuwa na weupe. Uzuri wa kutisha, kwa sababu matumbawe yaliyopauka hung'aa. Mgeni angepiga picha akafurahi. Mimi niliandika "kapauka, kapauka, kapauka" mpaka penseli ikawa butu. Kusi ilipoingia na kupoza maji, mengine yalirudisha rangi, hasa yale makubwa ya duara. Yale ya matawi, ambayo samaki wachanga hujificha ndani yake, mengi hayakurudi. Yalifunikwa na ukungu wa mwani wa kahawia.

Halafu ukaja mkutano.

Kijiji ninachofanyia kazi kilikuwa kimetenga kipande cha mwamba wao, tengefu, kisivuliwe. Wazo hilo si geni; wavuvi wa Kuruwitu huko Kilifi walitenga lao, hektari 30 hivi, miaka kama 20 iliyopita, na samaki walirudi. Lakini kutenga ni gharama. Anayelipa ni mvuvi wa mtumbwi, asiye na injini ya kumpeleka kina kirefu, na mama anayetafuta pweza kwa miguu maji yakitoka. Tulikaa chini ya mkwaju, BMU yote, wazee mbele, vijana nyuma na simu zao. Kijana mmoja akasimama. Alisema kwa adabu, na hilo ndilo lilifanya iwe ngumu.

"Dada, shukrani. Mlituambia tufunge, tukafunga. Watoto wetu wakala ugali mkavu. Sasa wewe mwenyewe unatuambia yamekufa, na kule ndani yamekufa sawa na nje. Tulikuwa tunamlindia nani? Si heri tufungue, tule kilichobaki?"

Hakuna aliyepiga makofi. Wote waliniangalia mimi.

Ningeweza kuwapa yale maneno ya semina. Ningeweza kuwaambia kwamba mwaka 2021 watafiti, akiwemo Mkenya David Obura, walionya kwamba miamba yote ya magharibi mwa Bahari ya Hindi iko hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50. Au kwamba dunia ikipata joto la digrii 1.5, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe yataondoka, na ikifika digrii 2 karibu yote. Ni kweli tupu, lakini haimjibu mtu anayeuliza ale nini kesho. Na kulikuwa na ukweli mwingine ambao sote pale tuliujua: Kenya nzima haifikishi hata asilimia 1 ya moshi unaopasha dunia joto. Yule kijana na mtumbwi wake hawajachoma chochote.

Nikasema hivi. Kufunga hakuzuii joto. Aliyewaambia kunazuia aliwadanganya. Kufunga kunafanya kitu kimoja: kunawaweka pono na tafi kazini. Mwamba ukifa, mwani huufunika kama magugu shambani. Watoto wa matumbawe huelea na maji wakitafuta mahali pasafi pa kushika. Wakikuta magugu, wanapita. Pono na tafi ndio wapaliliaji. Mkifungua leo, mtakula wapaliliaji kwa msimu mmoja au miwili, halafu mtabaki na shamba la magugu. Msipofungua, kuna nafasi. Sikusema "uhakika". Nilisema nafasi, na kwamba joto lingine likija mapema, hata nafasi hiyo inaweza kuisha.

Kimya. Kisha mama mmoja, mtafuta pweza, akauliza swali ambalo hakuna mradi uliowahi kuniuliza: "Na sisi tusiovua pono? Kwani pweza anapalilia?"

Watu wakacheka, mimi pia. La, pweza hapalilii. Wakajadiliana mpaka adhuhuri. Wakaamua tengefu libaki limefungwa mwaka mmoja zaidi, ila ukingo wa nchi kavu ufunguliwe kwa kina mama, bamvua tu, bila nyavu, bila kupondaponda mwamba kwa vyuma. Yule kijana alipinga mpaka mwisho. Walipomaliza alinisaidia kubeba mitungi ya hewa hadi kwenye gari. "Mimi sijakubali," akasema. "Lakini nitafuata."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiharibu sarufi makusudi. Kwenye mikutano, kwenye ripoti za Kiswahili, hata kwa simu na Mama, nasema "tumbawe huyu". Mwalimu wangu wa Kiswahili angenikata alama, na sawa. Lakini nimeona watu wanavyogeuza kichwa wakilisikia neno hilo, kama umewaambia kuna mtu nyumba ya pili wasiyemjua. Wiki iliyopita tulikuwa majini, yule kijana akashikilia mwisho wa tepu kwa sababu msaidizi wangu alikuwa mgonjwa. Akaniita kwa mkono, akanionyesha kitu kwenye ufa wa mwamba mfu, kidogo kuliko ukucha, rangi ya haya ya zambarau. Tulipotoka juu alivua miwani kwanza, akatema maji.

"Dada," akasema, "yule pale ulimhesabu?"