Kimondo cha Mbozi



Afikaye Mbozi Misheni huona kijiji kidogo, na pande zote mashamba ya kahawa na mahindi. Wamisionari wa Kimoraviani walianza kazi hapa mwaka 1899. Zamani Wanyiha waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, wakafua majembe.

Juzi mgeni aliniuliza, "Mwalimu, kimondo umekiona?" Nikaona haya, kwa maana nimefundisha miaka mingi katika nchi hii wala sikuwahi kwenda. Basi tulifuatana mpaka mtelemko wa kilima cha Marengi. Nikaona chuma kilichotoka juu angani, urefu wake yapata mita 3, uzito wake yapata tani 16. Shimo la kuanguka kwake halionekani, wala wazee hawana hadithi ya siku ile. Ndiyo dalili ya kuwa kilianguka zamani sana. Vitabu husema mpima nchi alikivumbua mwaka 1930. Lakini wenyeji walikuwa wakikijua.

Nikaweka mkono juu yake, nikawakumbuka wahunzi wetu. Kimondo hakitaondoka, bali habari za tanuru zinaondoka pamoja na wazee.

Basi, walimu, wapelekeni watoto wakakione. Nanyi wazazi, waulizeni wazee waliyosikia kwa babu zao, mkayaandike. Tusingoje mgeni atuulize habari za nyumba yetu wenyewe. Mungu awabariki.