Kuvunja Ahadi na Kuvunja Mlango

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, mwalimu huulizwa maswali mengi katika umri wake, na mengi huyasahau. Mimi liko moja ambalo sikulisahau, kwa sababu nililijibu vibaya. Niliulizwa Kasulu katika Ramadhani ya mwaka 1436, yaani Juni na Julai 2015, na jibu lake nikaja kufunzwa Kibondo mwaka wa pili yake. Aliyenifunza hakuwa sheikh, bali ni mama mmoja mkimbizi. Naliandika ili mwenye wanafunzi asiteleze pale nilipoteleza mimi.

Ramadhani ile tulikuwa watu wanne, tumechukua nguo, tende na misahafu iliyochangwa na Waislamu wa pwani, tukapata kibali cha kuingia kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Mtu wa pwani akifika nyanda zile za Kigoma hujua mara moja kwamba yuko ugenini. Alfajiri kuna baridi, vilima vimefuatana, na vumbi jekundu huingia mpaka ndani ya mkoba. Wenyeji wake ni Waha, na lugha yao yakaribiana na Kirundi hata huelewana na jirani zao wa ng'ambo ya mpaka. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo. Sasa walikuwa wakimiminika Warundi. Wengi wao walipitia Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya milima na Ziwa Tanganyika, ambako kipindupindu kiliwaingilia, mpaka meli kongwe Liemba ikawachukua hadi Kigoma.

Miongoni mwao walikuwamo Waislamu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya nyumbani. Hao ndio waliokuja darasani kwangu baada ya sala ya Alasiri, chini ya turubai. Siku ya tatu akasimama kijana mmoja, adabu zake njema, akauliza: "Sheikh, rais wetu muda wake ulikwisha akakataa kutoka. Akaja jenerali akatangaza kumwondoa. Je, huyu jenerali amepindua serikali, au amekirudisha kilichokuwa kimekwisha kupinduliwa?"

Nilimjibu kwa haraka, na nakiri kwamba nilijibu kwa hofu pia, maana nilikuwa ndani ya kambi kwa kibali cha serikali. Nikamwambia, "Mwanangu, kupindua ni kupindua. Mwenye kutoka na silaha juu ya mtawala ameleta fitna. Kaa kitako, tuendelee na darasa letu la saumu." Akasema, "Naam, sheikh," akakaa. Baada ya futari mzee mmoja akaninong'oneza kwamba kaka yake yule kijana alipigwa risasi katika maandamano. Nikasikitika, lakini sikumwita.

Ili uelewe swali lake, nitakueleza kisa chenyewe kwa ufupi. Burundi imeona wanajeshi wakipindua serikali mwaka 1966, 1976, 1987 na 1996, na katikati ya hayo Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na raia, aliuawa na wanajeshi Oktoba 1993. Vita vilivyofuata viliua watu wengi mno. Mwalimu Nyerere akawapatanisha, na alipofariki mwaka 1999 Mzee Mandela akaichukua kazi ile, mpaka mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Katika mkataba ule walikubaliana kwamba hapana mtu atakayekuwa rais zaidi ya vipindi viwili.

Pierre Nkurunziza alichaguliwa na bunge mwaka 2005, kisha na raia mwaka 2010. Machi 2014 serikali yake ilitaka kuibadili katiba, bunge likakataa kwa upungufu wa kura moja tu. Hata hivyo, tarehe 25 Aprili 2015 chama chake kilimteua kwa mara ya tatu. Hoja yake ilikuwa kwamba kipindi cha kwanza hakihesabiki, kwa kuwa alichaguliwa na bunge wala si raia wenyewe. Watu wakaingia mabarabarani. Mahakama ya Katiba ikampa haki mapema Mei, na makamu wa rais wa mahakama hiyo akakimbilia Rwanda, akasema majaji walitishwa. Tarehe 13 Mei, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam katika mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki, Meja Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza redioni kwamba rais ameondolewa. Askari wakapigana wao kwa wao, na siku ya pili ya pale mapinduzi yakawa yameshindwa. Julai Nkurunziza akachaguliwa tena. Na Warundi waliokimbilia kwetu wakazidi 200,000.

Sasa twende Kibondo. Oktoba 2015 kambi ya Nduta ilifunguliwa tena ili kuipunguzia Nyarugusu msongamano, na watu wengi wakahamishiwa huko. Nilifika Nduta Ramadhani ya 1437. Nikamkuta mama mmoja anasomesha watoto Juzuu Amma mbele ya hema lake, ubao wao ni kipande cha boksi. Aliponisikia sauti akanitambua. Akasema, "Shehe wangu, wewe ndiye uliyemkalisha kitako mwanangu kule Kasulu."

Nikamuuliza kijana hajambo. Akasema, "Aliondoka kambini mwezi wa Muharram. Hakuniaga. Sijui yuko wapi, wala sijui ameshika nini mkononi." Kisha, bila ya kupandisha sauti, akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Alikuuliza nani kavunja ahadi, ukamjibu nani kashika bunduki. Hayo ni maswali mawili, shehe. Ungalimjibu lile la kwanza, pengine angalilisikiliza la pili."

Wallahi sikuwa na la kusema.

Niliporudi nilivifungua vitabu vyangu, na haya ndiyo niliyoyapata, nayaweka mbele yako.

Kwanza, jambo la jenerali. Ndiyo, lilikuwa ni kupindua serikali, na ubaya wa mtawala haulibadilishi jina. Askari hakupewa bunduki na raia ili awe kadhi wa kuamua nani muda wake umekwisha. Leo akiamua kwa haki, kesho mwingine ataamua kwa tamaa, na bunduki ni ile ile. Warundi wanalijua hili kuliko sisi, kwani wote waliowapindua kabla yake walikuja na sababu zao.

Pili, jambo la rais. Kipindi cha urais ni mkataba, na Mwenyezi Mungu katika mwanzo wa Suratul Maida ametuamrisha kuitimiza mikataba, wala hakuwatoa wakubwa katika amri hiyo. Ama ile hoja kwamba bunge si raia, mwanafunzi wa fiqhi anaijua hukumu yake katika mlango wa uwakala. Ukipanga nyumba kwa miaka miwili, na mwaka wa kwanza ukapewa ufunguo na wakili wa mwenye nyumba, huwezi kuja kusema mwaka ule hauhesabiki kwa sababu mwenyewe hakuwapo. Kitendo cha wakili ni kitendo cha aliyemwakilisha. Hukuikataa nyumba siku ile. Vipi leo uikatae hesabu?

Basi naye amepindua, ila yeye alipindua kwa kalamu. Wala si maneno yangu peke yangu. Wakuu wa Afrika katika mwafaka wao wa demokrasia wa Januari 2007, walipotaja njia haramu za kushika madaraka, waliwataja wanaopindua kwa silaha, na katika kifungu hicho hicho wakataja kuibadili katiba kwa namna ya kuzuia watu wasipokezane uongozi. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo, Novemba 2021, katika rufaa, ilihukumu kwamba uamuzi ule wa Mahakama ya Katiba ya Burundi ulikwenda kinyume na mkataba wa Jumuiya. Lakini hukumu ilikuja miaka 6 imepita, na Nkurunziza mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki, Juni 2020.

Tatu, na hili ndilo nililolisahau siku ile ya Kasulu. Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu tunachokisomesha, anaeleza habari za wanaomwasi imamu kwa hoja waliyo nayo. Anasema mtawala asiwapige vita mpaka kwanza awapelekee mtu mwaminifu, mwenye akili, awaulize wanachinukia kitu gani. Na wakitaja dhuluma, aiondoe. Burundi si dola ya Kiislamu, najua. Lakini itazame hekima yake. Hata yule aliyekwisha kushika silaha ana haki ya kuulizwa, "Una nini?" Mimi nilimnyima haki hiyo kijana ambaye hakushika ila mas-hafu.

Utaniuliza: ikiwa mtawala haondoki na jeshi halifai kumwondoa, nani atamwondoa? Nami nasema ni wale walio karibu naye, na wakati wake ni kabla ya muda kwisha, si baada yake. Mwaka 2000 Zanzibar, Dk. Salmin Amour alipokaribia kumaliza vipindi vyake viwili, yalitoka maneno ya kuibadili katiba apate cha tatu. Vikao vya chama chake mwenyewe vikakataa, naye akaondoka. Uchaguzi wa mwaka ule ulikuwa na machungu yake, na damu ya Januari 2001 hatuisahau. Lakini katika lile la muda hakuna askari aliyehitajika. Walisema la watu wa nyumbani mwake. Na siku ile ya tarehe 13 Mei, mwenyeji wa mkutano wa Dar es Salaam alikuwa Rais Kikwete, ambaye mwaka huo huo alimaliza vipindi vyake viwili akaondoka, kama Mzee Mwinyi na Mzee Mkapa kabla yake. Katika dini yetu tunaye Sayyidna Hassan bin Ali, aliyeuacha ukhalifa mwaka 41 ili kuhifadhi damu ya Waislamu, na watu wakauita mwaka ule mwaka wa umoja. Aliacha naye ana jeshi.

Ndugu yangu, usidhani haya ni ya marais peke yao. Niliporudi kutoka Kibondo niliitoa katiba ya madrasa yetu sandukuni. Imeandikwa mwenyekiti wa kamati atakaa miaka mitatu. Mimi nilikuwa katika mwaka wa nane. Kila vijana walipotaka mkutano nalisema wana fitna, na wazee wenzangu wakanyamaza kwa kunistahi. Niliita mkutano Ijumaa iliyofuata, nikaweka funguo juu ya jamvi. Walichagua kijana niliyemsomesha alifu kwa kijiti. Yako anayoyafanya ambayo mimi nisingeyafanya, nami nanyamaza, isipokuwa akiniuliza.

Yule mama wa Nduta sikumwona tena. Kila nikimaliza darasa huwauliza wanafunzi kama yuko mwenye swali, na akisimama mmoja wao na lile gumu, simkalishi. Namwombea kijana yule wa Buyenzi, popote alipo, Mwenyezi Mungu amrudishe kwa mama yake mikono yake ikiwa mitupu, na anisamehe mimi kwa jibu nililompa.

Wabillahi tawfiq.